Aliyevujisha Kikosi

Kufikia dakika ya kumi ya mechi, kocha Indri Zerafa alikwisha kujua kwamba ameuzwa.

Alikuwa amemhamisha winga wake, Luret, kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo hakulifanya msimu mzima. Lakini kabla Luret hajaugusa mpira, mabeki wawili wa kijiji pinzani cha Ħal Tornu walikuwa wanamngoja huko huko kushoto, kama watu waliopeana naye miadi. Indri alimgeukia msaidizi wake, Wistin. Wistin alikuwa anatazama nyasi.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Ħal Sajd, timu ya kijiji alichozaliwa Indri, ilihitaji sare tu ipande daraja la kwanza. Mara mbili kabla ya hapo, katika mechi na Ħal Tornu hao hao, mipango yake ilikuwa imevuja, naye akajifariji kwamba ni bahati mbaya. Safari hii hakumwambia mchezaji yeyote mpaka walipokuwa wanafunga kamba za viatu. Katika watu wa mpira, aliyejua mapema ni Wistin peke yake, na mke wa Wistin ni mtu wa Ħal Tornu.

Bao liliingia dakika ya thelathini. Baada ya hapo kocha wa Ħal Tornu, Salvu Bonavia, akawatoa washambuliaji wake wawili hodari, na vijana wake wakabaki kupasiana mpira taratibu kama wazee wanaoota jua. Wangeweza kufunga manne. Mechi ikaisha moja bila.

"Pole, kocha," Salvu alisema, akimpa mkono bila kumtazama usoni. "Nisalimie mama."

Indri aliona anakebehiwa.

Alikuwa amecheza Uskoti, Denmaki, Saiprasi na Australia, miaka kumi na tisa ya kuishi na sanduku chini ya kitanda. Huko aliuzwa na kununuliwa na watu asiowajua, na haikumuuma, maana ugenini ndivyo mambo yalivyo. Aliporudi Malta kuwa kocha, wa kwanza kumbishia hodi alikuwa Wistin, aliyecheza naye mpira wa uchochoroni nyuma ya kanisa. Baba yake Indri alipofariki, Indri akiwa Denmaki amekosa ndege, Wistin ndiye aliyelibeba jeneza kwa niaba yake.

Sasa kulikuwa na klabu moja ya Norwei iliyomtaka. Walimwambia waziwazi: pandisha timu, uje Juni. Wistin alilijua hilo pia.

"Umewapa nini kingine?" Indri alimwuliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya wachezaji wote.

"Nimempa nani?"

"Usinifanye mtoto. Wiki iliyopita ulionekana na Salvu kwa mwoka mikate."

"Yeye alikuwa ananunua mkate, mimi nanunua mkate. Wale ni wakwe zangu, Indri. Ulitaka nikienda kwao nijifunike shuka?"

Hakuna aliyecheka.

"Toka," Indri alisema.

Wistin aliivua filimbi shingoni, akaiweka juu ya benchi polepole. "Tulianza pamoja tukiwa na miaka saba," alisema. "Siku utakapoujua ukweli, usinitafute."

Jumatano watu wa Norwei walipiga simu. Walikuwa wamempata mwingine.

Ijumaa Indri akaenda kula kwa mama yake, kama kila Ijumaa. Bi Ġuża alikuwa na miaka sabini na tisa na hakuwahi kukanyaga uwanjani. Mezani pake ndipo mahali pekee ambapo Indri alipumua. Kabla ya kila mechi alimpangia kikosi kwa zeituni juu ya kitambaa cha meza, mama naye huuliza huyu anakwenda wapi, yule anakaa wapi, kisha humtafuna kipa, wakacheka wote wawili.

Safari hii hakupanga kitu. Alilia, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, mikono juu ya meza.

"Angekuwa mwingine ningevumilia," alisema. "Lakini Wistin, mama. Wistin aliyembeba baba."

Mama akamkatia kipande kingine cha pai ya samaki, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Usimseme Wistin vibaya," alisema.

"Hata wewe unamtetea?"

"Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

Indri alipotoka, jua la saa nane lilikuwa linawaka juu ya kuta za mawe, na Salvu Bonavia alikuwa amesimama kando ya gari lake, ng'ambo ya barabara. Indri alitaka kumpita. Salvu akamzuia kwa kiganja kifuani, bila ubabe.

"Niliapa sitasema," alisema. "Lakini nimesikia umemfukuza Wistin. Jumapili siwezi kupokea komunyo na jambo hili moyoni. Si yeye."

"Ni nani, basi?"

Salvu alizungusha funguo za gari mkononi.

"Mtaje, Salvu. Nimempoteza rafiki, nimepoteza kazi. Una kitu gani cha kunificha tena?"

Salvu aliutazama mlango ambao Indri alikuwa ametokea.

"Alikuwa ananipigia simu kila Ijumaa ya kabla ya mechi zetu, wewe ukishaondoka," alisema. "Mara ya mwisho aliniomba nikufunge moja tu, nisikuaibishe. Alisema ukishinda utasafiri tena, na yeye hana miaka mingine kumi na tisa ya kukungoja."