Mihogo ya Nyumbani

Zama hizo bangili ya afya ndiyo iliyoamua mtu ale nini, na neno la mama halikuhesabiwa tena. Katika mkahawa wa bustani ya michezo, roboti lenye sura ya twiga lilimwekea Raya kuku wa mchuzi wa karanga.

"Mwanangu akila karanga anavimba koo," alisema Mize, mama yake.

"Bangili inasema amepona. Kukataa chakula ni kosa."

"Hiyo bangili ndiyo iliyomzaa?" Mize aliisukuma sahani, akafungua kontena la mihogo aliyoichemsha nyumbani alfajiri.

Bangili ya Raya ikawaka nyekundu. Milango yote ikajifunga. Mize akammegea mwanawe kipande kikubwa.

"Tafuna vizuri," alisema. "Hatuna haraka."