Mchunga wa Nyuki

Munga aliupika mchunga, mboga ile chungu ya majani, bila tui, bila kitunguu, bila hata chumvi. Akauonja kwa ncha ya kijiko. Ulimi ukamkunjamana, machozi yakamlengalenga, naye akatabasamu.

"Huo ataula nani?" aliuliza Dama, mkewe.

"Nyuki. Leo jioni, uwanjani, kwa mkono wangu huu."

Dama akainamia beseni la nguo, akaendelea kufua.

Munga hakumjua Nyuki kwa sura. Alimjua kwa simu. Vijana wa Kisauni walikuwa na programu yao iitwayo Sahani Safi. Mtu hupiga picha chakula chake kabla ya kula, na sahani hupewa alama: mboga na matunda hupandisha, mafuta na sukari hushusha. Kila mmoja alijipa jina la kubuni, na wote waliziona picha za wenzao na kuandikiana chini yake.

Dama ndiye aliyemwingizia programu hiyo, na mwanzoni Munga hakuijali. Alikuwa kijana bado, mpakiaji katika ghala moja la Changamwe, na zahanati walikuwa wamemwambia kwamba sukari imepanda. Babake alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Nesi alimsihi. Dama alilia. Hata mama mkwe, ambaye kwa adabu ya Kigiriama hakai chumba kimoja na mkwewe wala hali chakula mbele yake, alikuja kutoka Mtopanga, akasimama nje ya mlango na kumtuma Dama aulize kama dawa zinamezwa. Munga alimtuma Dama ajibu kwamba zinamezwa. Zilikuwa chini ya godoro.

Kilichomgeuza ni matusi.

Siku moja alituma picha ya chakula chake cha jioni. Nyuki akaandika chini yake: "Sima hiyo ni ya mtu mmoja, au kwenu kuna matanga?"

Kundi zima likacheka. Kesho yake zikawa chipsi: "Mafuta hayo yangewasha taa mpaka Krismasi." Munga akaona heri asitume picha. Haikusaidia. "Leo mbona kimya?" aliandika Nyuki. "Zile chapati ulizokula jikoni umesimama, hazina picha?"

Damu ikamchemka. Nani alimwona jikoni? Hakuwa mwingine ila Morgan, jirani yake hapo Frere Town, aliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja. Morgan alicheka asubuhi, alicheka jioni, na kila kicheko kilipita ukutani.

Walikutana mferejini, kila mtu na ndoo yake.

"Umeamkaje, jirani?" alisema Morgan.

"Kawaulize nyuki wenzako."

"Nyuki gani tena? Jamani, mtu akijinyima mkate anakuwa hivi?"

Munga akamtazama anavyoshangaa. Hodari wa kuigiza huyu, aliwaza.

Usiku huo akaandika mbele ya kundi zima: "Nyuki, mwisho wa mwezi tulinganishe alama. Atakayeshindwa alishwe mchunga usiotiwa tui, mbele ya watu, kwa mkono wa mwenzake."

Jibu halikuchelewa. "Nakubali. Ila mkeo awepo."

"Atakuwepo. Nataka akuone unavyolia."

Tangu hapo Munga alikula kwa chuki. Alitafuna matembele kana kwamba anatafuna sikio la Nyuki. Alikunywa chai kavu isiyo na sukari, na mahamri akamwachia mwanawe Tsofa. Nyuki naye hakulegea. Mihogo ya kuchemsha, dagaa, mrenda, vyote kwenye sahani ya bati iliyobonyea, na alama zake zilikuwa juu kila siku. Kila Munga alipomkaribia, alichomwa tena: "Ukisahau dawa mguu utavimba, nami nitashinda bila jasho." Munga akanyanyua godoro, akameza vidonge huku akimlaani.

Alipokwenda zahanati, nesi alimpima, akatazama kipimo, akampima tena.

"Munga, umefanya nini?"

"Nina adui," alijibu.

Siku ya mwisho walikuwa sawasawa. Munga alituma picha za milo yake yote. Nyuki hakutuma hata moja. Alama zikasomwa, Munga akawa mshindi, na moyoni akaona uchungu kidogo, kwa maana alitaka kumwangusha akiwa amesimama, si akiwa anakimbia.

Lakini Nyuki hakukimbia. Munga alipofika uwanjani na sufuria yake na sahani ya sima, Dama akimfuata, vijana walikuwa wamejaa. Katikati, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mtu aliyewapa mgongo, amejifunika leso kuanzia kichwani mpaka magotini.

"Hata uso anauficha!" Munga alicheka kwa nguvu. "Bwana we, leso ya mkeo haitakuokoa leo!"

Akafunua sufuria. Akamega sima, akachota mchunga wa kutosha, akafinyanga tonge kubwa kuliko mdomo wa mtu. Vijana wakapiga makofi. Akaanza kukizunguka kile kiti polepole, ili aifaidi kila hatua.

"Mlishe, Munga! Mjaze!" mtu alipaza sauti nyuma yake.

Sauti ile aliijua. Akageuka. Alikuwa Morgan, amesimama kati ya watu, mkononi ana gunzi la mahindi, anacheka kama kawaida yake.

Mkono wa Munga ukabaki hewani. Dama akamsogelea, akamshika kiganja taratibu.

"Nipe mimi hilo tonge, Baba Tsofa," alisema. "Wewe rudi nyuma, ugeuke kule. Mama hawezi kula mbele ya mkwewe."