Mawe ya Redio

Tumu alipofunga kifuniko cha redio kaseti, hakutarajia makubwa. Mawe yale manne yalikwisha nguvu zamani, na kuyaanika juani hakukusaidia tena. Ndipo alipoyafungua, akakwangua unga mweusi uliokauka ndani, akautwanga pamoja na makaa ya vifuu na maji ya chumvi ya Marereni, akaushindilia upya kukizunguka kile kijiti cha katikati, akaziba kwa nta ya mshumaa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, hina haionekani.

Akabonyeza.

Kanda hiyo ilitoka Jeddah miezi saba iliyopita, badala ya barua. Siku zote aliisikiliza kwa mawe machovu, na sauti ya mumewe ilijikokota, nzito kama ya mzee. Alishaizoea. Hata yule mbuzi wa jirani aliyesikika kandani akilia kwa mbali katikati ya maneno, alishamzoea.

Leo sauti ilitoka nyepesi, ya kijana yule yule aliyemuoa.

"Huku sina mtu, Tumu. Ni mimi na Mola wangu."

Hapo ndipo mbuzi hulia, na mumewe hunyamaza kidogo. Tumu alidhani anameza machozi.

"Baba," aliita mtoto kandani, pale pale pa mbuzi. "Baba."

Mumewe akaendelea na salamu.

Tumu aliizima. Akayatoa mawe moja moja, akayapanga dirishani. Kisha akachukua mengine, machovu, ya tochi, akayatia, akairudisha kanda nyuma, akabonyeza, akamngoja mbuzi.