Somo la Wizi Dukani kwa Bi Lin

"Mtu akiingia dukani kama mteja, akaficha kitu, akatoka bila kulipa, neno lake ni shoplift," alisema Hamdiya.

Bi Lin, Mchina mwenye duka la mboga pale Garland, Texas, alilirudia neno taratibu nyuma ya kaunta. Kila Jumamosi Hamdiya humfundisha Kiingereza. Leo mwanafunzi kachagua somo mwenyewe: anataka maneno yote ya wizi.

"Sisi Wachina tunasema tou, basi," alinung'unika Bi Lin kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Kiingereza kina steal, kina rob..."

"Steal, unataja kitu kilichoibwa. Rob, unamtaja aliyeibiwa, tena kwa nguvu."

"Mwizi wangu hatumii nguvu. Anakuja kimyakimya, ila kamera imemnasa. Unasemaje, mwalimu, nimwitie polisi?"

Loh! Hamdiya alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtupia jicho mama mkwe wake, Bi Tasnim, aliyekuwa kule nyuma akichagua bamia huku akimsalia Mtume, hana habari.

Bibi wa watu, swala tano hazimpiti. Lakini tangu mwanawe amlete kutoka Unguja mwaka 2018, kila akishalipa huchota ndimu mbili tatu, tena hadharani na tabasamu juu, akatia kikapuni. Nyongeza! Ndivyo alivyozoea sokoni Darajani. Nani atamwambia kwamba Texas hakuna nyongeza? Hamdiya? Amwite mama wa mumewe mwizi? Thubutu! Aibu ile huimeza mwenyewe, na kesho yake akitoka kazini hupitia dukani akazirudisha ndimu mahali pake, mtu asijue.

"Bi Lin, nakuomba," alisema. "Huenda ni mtu mzima. Huenda hakukusudia. Msamehe."

Bi Lin aligeuza skrini ya kamera. Bi Tasnim naye alikuwa ameshafika na bamia zake, akanyoosha shingo kutazama.

Kwenye skrini, mwanamke wa baibui alisimama mbele ya ndimu. Akaangaza kulia, akaangaza kushoto. Mkono ukazama mkobani, ukagusa ndimu, ukazama tena. Kisha akageuka, sura ikaonekana wazi. Alikuwa Hamdiya.

"Nilikupa nafasi useme mwenyewe, mwalimu," alisema Bi Lin.

Hamdiya alifungua kinywa. Akamtazama mama mkwe wake. Akakifunga.

"Astaghfirullah!" Bi Tasnim alijifunika uso kwa mtandio. "Mke wa mwanangu, mwizi? Mimi uso wangu nitauweka wapi?"