Mlalamikaji wa Jumatano

"Kiti kina ada?" mama mmoja fundi cherehani aliuliza, akigonga kioo cha dirisha la tiketi kwa ufunguo wa nyumbani kwake. "Kwani siku zote tulikuwa tunakaa wapi, sakafuni?"

Muuza tiketi, binti wa miaka ishirini na kitu, aliangalia karatasi ya bei. Ilikuwa imebandikwa asubuhi ile juu ya nyingine, na hiyo nyingine juu ya nyingine tena, mara ya tatu tangu mwaka uanze. Tiketi ya sinema ilikuwa imepanda, halafu chini yake, kwa herufi ndogo za kujificha, kulikuwa na ada ya kiti na ada ya huduma. Huduma gani, hakuna aliyejua. Vyoo vilikuwa vibovu tangu mwezi uliopita, na chupa moja ya maji mle ndani iliuzwa bei ya katoni. Wizi mtupu, tena wa mchana kweupe.

Mama huyu alikuja kila Jumatano saa nane mchana, onyesho la kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa na bei nafuu. Hakuwahi kuuliza ni filamu gani. Alikuwa akinunua tiketi, akiingia mpaka ukumbi wa mbele, kisha anaanza: joto, kelele, viti vimechanika, bei. Utaratibu wa jumba lile ulikuwa kwamba mwenye tiketi akilalamika, lazima meneja atoke mwenyewe kumsikiliza. Basi meneja alitoka, akasemwa mpaka akaishiwa maneno, na mama akaondoka zake filamu haijafika hata katikati. Wafanyakazi walimcheka. Walisema wenzake wanalipia filamu, yeye analipia ugomvi.

Leo pesa haikutosha. Alikuwa na bei ya wiki iliyopita, kamili, imekunjwa ndani ya leso. Binti aliihesabu mara mbili akitamani iongezeke, haikuongezeka.

"Sina nyingine," mama alisema. "Zamani tiketi ilikuwa sawa na kupunguza suruali moja. Sasa nishone gauni zima, na bitana yake, ndiyo niingie mlangoni? Niitie meneja."

Binti alimweleza kwa upole kwamba meneja huitwa kwa mwenye tiketi tu. Mama akasema basi hatoki hapo dirishani. Na kweli hakutoka. Foleni ikarefuka nyuma yake. Baba mmoja aliyekuja na watoto wanne alizijumlisha zile ada za viti, akasonya, akawageuza wote kurudi nyumbani, na mdogo wao akaondoka analia. Mtu mwingine akapaza sauti kwamba mama ana haki, tumekamuliwa vya kutosha. Wengine wakadakia. Binti akaona mambo yanaharibika, akanyanyua simu na kumwita meneja hivyo hivyo, tiketi au bila tiketi.

Meneja alitoka. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka arobaini, tai shingoni, tabasamu la kazini usoni. Tabasamu lilimwisha alipoona ni nani.

"Mama, shusha sauti tafadhali. Kuna wateja."

"Na mimi ni nani? Nimepiga simu wiki nzima, mwanangu. Hupokei."

"Nina kazi nyingi."

"Na barua yangu?"

"Niliiona, Mama. Nitaijibu."

"Ulisema hivyo mwezi wa tano." Alimtazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kola, taratibu, kama anayempima nguo. "Umekonda."

Foleni ikacheka. Binti naye akaficha mdomo. Alishamzoea mama huyu, kila mtu kwake ni mwanangu, hata mlinzi mwenye mvi. Meneja hakucheka. Alisema haraka haraka, akiitazama karatasi ya bei badala ya mtu, kwamba bei hapangi yeye, inatoka juu, na akipunguziwa mmoja watataka wote. Mama akamjibu kwamba hajaomba kupunguziwa. Anachotaka kujua ni mtu wa kipato chake ataingiaje humu wiki ijayo, na wiki ile nyingine, na nyingine.

"Kama pesa haitoshi," meneja alisema, "basi usijisumbue kuja, Mama."

Akarudi ndani. Mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake.

Watu walidhani sasa mama atawaka. Hakuwaka. Alizikusanya noti zake moja moja, na moja ikamponyoka ikaanguka chini. Hasira yote ikamhamia binti. Aliichukia ile karatasi, akaichukia tai ya meneja, akakichukia na kiti chake mwenyewe cha plastiki pale nyuma ya kioo, kisichokuwa na ada. Alitoka kwa mlango wa pembeni, jambo alilokatazwa, akamwokotea mama noti yake.

"Achana na hawa, mama yangu," alimnong'oneza. "Nenda lile jumba la mtaa wa pili. Tiketi ni nusu ya hii, ada ya kiti hakuna, na filamu ni hizi hizi."

Mama alifuta pua kwa ncha ya leso.

"Nalijua," alisema. "Ila meneja wa kule sikumzaa mimi."