Waya wa Chini ya Tangi

Pikipiki ya Donald ilikuwa ikizima kila usukani ulipopinda kushoto. Ukipinda kulia, ilinguruma tu kama kawaida.

"Shetani gani huyu wa upande mmoja?" Donald aliuliza. Alijaribu kucheka, lakini jasho lilimtiririka shingoni. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, Mtaita wa kanisani, kijana ambaye mashati yake hayakukosa pasi. Siku hiyo shati lilikuwa limelowa.

Ndambuki alikuwa amekwisha kuchutama kando ya injini. Ndiye aliyekuwa fundi wa pikipiki hapo Voi, kazi aliyojifunza jeshini wakati wa vita vya Burma. Tangu arudi, watu walisema, aliongea na mashine zaidi ya alivyoongea na binadamu. Hata Wanza, mkewe, alikuwa amezoea kula naye kimya kimya, miaka nenda miaka rudi, katika nyumba isiyo na mtoto.

Alifungua plagi, akaisugua, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Cheche ilitoka, ya buluu, yenye nguvu. Akasafisha platini, vile vyuma vidogo vinavyokatiza umeme wa plagi, kwa kipande cha msasa, akarudisha kila kitu mahali pake. Injini ikawaka mara moja.

"Imepona!" Donald akaukamata usukani. "Niachie niende, fundi. Nataka kulala Mombasa leo."

"Peke yako?"

Donald alitazama barabara. "Nampeleka dada yangu hospitali."

"Basi ngoja. Hapa inawaka. Ukishapita Maungu haitawaka."

Neno hilo lilimkalisha Donald chini. Majuzi tu simba walikuwa wamemla mtu wa baiskeli upande wa huko Maungu, na kilichorudishwa kwao kilikuwa viatu.

Wanza alitokea nyuma ya nyumba akiwa amevaa gauni la Jumapili, kikapu mkononi. Hakumsalimia mgeni.

"Naenda sokoni," alimwambia mumewe.

"Chukua sweta."

"Na jua hili?"

"Jioni kuna upepo. Chukua tu, Wanza."

Alikihamishia kikapu mkono wa pili. Kisha akaingia ndani, akatoka na sweta begani, akashika njia. Ndambuki hakuinua macho mpaka nyayo zake ziliposikika mbali.

Ndipo akalifungua tangi la petroli na kuliweka chini. Ugonjwa ulikuwa hapo. Waya mmoja ulikuwa umelika ngozi kwenye shingo ya usukani. Kila usukani ulipopinda kushoto, shaba tupu iligusa chuma, na moto wote wa plagi ukapotelea hapo.

Aliushika kwa vidole viwili na kuutazama kwa muda mrefu kuliko waya ulivyostahili. Donald alikuwa amekwenda kusimama kivulini, mgongo umegeukia fundi, akivuta sigara. Ndambuki angeweza kurudisha tangi na kunyamaza. Mashine kuukuu kama ile ikifia njiani, nani angemlaumu fundi?

Akachukua koleo, akakata kile kipande kibovu. Akaunga waya mpya, akauvika mpira wa tyubu ya baiskeli, akaufunga kwa uzi, kisha akaufunga tena juu yake. Akaupitisha njia nyingine, mbali na shingo ya usukani. Alipomaliza hapo alihamia kwenye taa ya mbele, akakwangua kutu kwenye kishikizo chake mpaka mwanga ukakaa imara bila kupepesa.

Donald aliporudi alimkuta amepiga magoti nyuma ya pikipiki. Alikuwa amekaza kiti cha abiria na kukitandika gunia lililokunjwa. Sasa alikuwa akipandisha vikanyagio vya miguu.

"Sikukuomba hayo, fundi."

"Atakaa hapa mtu asiyezoea. Kwenye mashimo, punguza mwendo. Akichoka simama mahali penye watu, si porini. Na usizime injini ovyo."

Donald alikitazama kiti kile. "Asante," alisema mwishowe, akanyoosha mkono kuaga.

Ndambuki akamwonyesha viganja vyake vyeusi kwa grisi, kwamba havifai kushikwa.

Pikipiki iliingia barabarani, ikapinda kushoto, na haikuzima. Fundi aliusikiliza mlio wake ukipungua, kichwa amekiinamisha, kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akateka maji, akaanza kunawa. Alinawa hadi maji yakawa meusi, akayamwaga, akateka mengine.

Bado alikuwa akinawa wakati jirani yake Mulei, mfanyakazi wa reli, alipofika mbio akisukuma baiskeli, pumzi zikimkatika.

"Ndambuki! Ndugu yangu, unanawa mikono na nyumba inaungua? Nimemwona Wanza kule darajani. Amepanda nyuma ya Donald! Nimemwita, ameficha uso!"

Ndambuki alijifuta mkono mmoja, kisha wa pili.

"Unangoja nini? Chukua baiskeli yangu! Ile pikipiki yake mbovu si huzima kila mara? Itawazimia njiani, utawakuta wamekaa kando ya barabara kama watoto. Kimbia, bwana!"

"Haitazima," alisema Ndambuki. "Nimeitengeneza nikijua ni nani atakayekaa nyuma."