Sura ya Nne

Profesa alichana vipakiti vitatu vya sukari, akavimimina vyote kwenye kikombe cha Kulthum. "Nyinyi watu wa Matungu hamnywangi chai bila sukari," alisema, akacheka na watahini wenzake.

Kisha akairudia tasnifu ya Kulthum ya uhusiano wa kimataifa. "Kwa hivyo tumeelewana. Sura ya nne unaitoa. Hayo mambo ya utegemezi, eti nchi tajiri zinatunyonya, yamepitwa na wakati. Baki na nadharia za uhalisia na uliberali. Siku hizi mataifa yanafanya biashara na kila moja linafaidika. Ukikubali, tunatia sahihi leo."

Kulthum aliitikia kwa kichwa. Miaka mitatu ya kusoma ilikuwa imemchosha. Akapiga funda.

Kabla hajalimeza, macho yake yakatua kwenye kipakiti kilichochanwa. Maandishi madogo yalisema sukari ile ilitoka Brazili.

Asubuhi alipotoka nyumbani Matungu, miwa ya baba yake ilikuwa bado imelala kando ya barabara, siku ya tisa tangu ikatwe, ikingoja lori la kiwanda cha sukari. Ilikuwa imechacha, nzi wameifunika gubigubi. Harufu yake alikuja nayo kwenye buibui.

Sasa ilikuwa mdomoni. Utamu ulimnata ulimini kama kohozi la mtu mwingine.

Akainama, akalitema funda lote kikombeni, polepole, mbele ya watahini wote.

Profesa alisukuma kiti nyuma. "Wewe! Ni nini hiyo?"

Kulthum alijifuta mdomo kwa kiganja, akamsogezea kikombe.

"Sura ya nne."